Kwa Baba, Aliyemwacha Fundi Viatu Langoni

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, ukimwacha fundi viatu wako amesimama langoni. Watu wengine wakifiwa huulizwa marehemu alikuwa anaumwa nini. Sisi, siku ile ya mazishi, waliokuja kutupa pole walitushika mikono, wakafuta machozi, kisha wakauliza kwa sauti ya chini: je, fundi aliingia?

Tutafika huko. Wewe mwenyewe hukupenda hadithi inayomkaribisha mgeni jikoni kabla hajapita uani.

Kwa wasiokufahamu: uliitwa Gergely Vadkerti, mzaliwa wa kijiji kimoja kando ya mto Tisza huko Hungaria, mwandishi wa riwaya saba. Hapa kijijini Kanoni ulikuwa Gerigori, au Baba Mutalemwa, na kwa watoto wa shule ulikuwa Mzungu wa Migomba. Ulikuja ukiwa na miaka thelathini na minne kuchora ramani za visima, kazi ya miezi sita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulipewa jembe na hukulirudisha tena.

Mama yetu Deodatha anasema sababu ilikuwa malaria. Ulipelekwa zahanati ukitetemeka, naye ndiye aliyekuwa muuguzi wa zamu akakuchoma sindano. Dozi ilipokwisha ulirudi kesho yake ukasema bado hujisikii vizuri. Ulirudi na siku iliyofuata. Mama alikuambia kwamba dawa ya ugonjwa huo haipo kabatini, ukamwuliza iko wapi, akacheka, na mambo yakaenda hivyo mpaka kanisani.

Kisha ukafanya jambo ambalo Mnyambo wa hapa kwetu mwenye akili zake halifanyi: ukanunua kibanja kilichopakana na cha wakwe zako. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na hawatajani majina. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima tu, na heshima hiyo ni rahisi kuitunza mkwe akiwa Bukoba. Wewe ulimweka Bibi Evaresta nyuma ya ua wa miti ya miyenzi, hatua ishirini kutoka jikoni kwako.

Tulidhani utashindwa. Kumbe uliishika desturi hiyo kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Jirani yetu Cassian anasimulia mpaka leo ile Jumapili aliyokuwa akisukuma baiskeli kutoka kanisani, wewe ukija huku na Bibi akija kule. Ulipomwona Bibi uliruka ndani ya mibuni ukachana suruali. Bibi alipokuona naye akazama migombani na kikapu chake. Cassian akabaki peke yake katikati ya njia, akajinusa kwapa, akafika nyumbani na kumwuliza mke wake kama ana harufu.

Tunakukumbuka kwa miwani. Kila ulipokwenda Kayanga kutuma madaftari yako posta, ulipita sokoni ukarudi na miwani mitatu minne ya kusomea. Ukawagawia wazee wa Kanoni mpaka Rugera, hata wasiojua herufi moja, ukisema kwamba jicho halina kazi ya kusoma tu, lina kazi ya kuchambua maharage pia. Ya Bibi niliipeleka mimi, maana wewe usingeweza. Alinituma nikuambie kwamba tangu aivae amegundua ukuta wake una nyufa, na kwamba hakushukuru.

Tunakukumbuka kwa kuimba vibaya. Mwalimu wa kwaya alikupanga mstari wa nyuma, halafu nyuma ya mstari wa nyuma. Uliimba kwa moyo wote kutoka huko uliko. Sasa kwaya inaimba vizuri na hakuna anayefurahi.

Na tunakukumbuka kwa kazi yako, ambayo hakuna mtu hapa aliyeweza kuisoma. Ulikuwa na utaratibu usiobadilika. Asubuhi, baada ya chai, ulichukua kigoda ukaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bibi, ukaupa ukuta mgongo, ukawa unanong'ona peke yako. Wageni wakishangaa tuliwaambia wasikusumbue, kwamba waandishi wa Hungaria huandika kwa mdomo kwanza. Kisha ulihamia mezani barazani, ukafungua kaunta buku, ukaandika Kihungaria mpaka saa saba. Na saa kumi na moja, tulipokaa kumenya ndizi za chakula cha jioni, ulitusimulia kwa Kiswahili kile ulichoandika siku hiyo, kisu kimoja mkononi, ukimenya taratibu kuliko sisi sote.

Jikoni ndiko kulikokuwa na mahakama. Mama akipiga miayo, kesho yake ulifuta ukurasa. Mjomba Privatus, mdogo wake Mama, alikuwa mkali zaidi. Katika kitabu cha tatu ulimfanya mtu mmoja amuage mgeni wake mlangoni na kufunga. Mjomba aliacha kumenya akauliza huyo mtu amelelewa na nani. Ikabidi mwenye nyumba amsindikize mgeni mpaka kijiji cha pili, halafu mgeni naye aone haya, amrudishe mwenyeji nusu ya njia. Mhariri wako wa Budapest, Dada Zsófia, aliandika kuuliza ni Wahungaria wa wapi hao wanaosindikizana namna hiyo. Ulimjibu kwamba ni wa Kanoni, na hukufuta hata neno.

Kwa hiyo watu wa Hungaria walisoma vitabu vyako mwaka mzima baada ya watu wa hapa kuvijua kwa moyo. Wewe ulijivunia jambo hilo kuliko tuzo uliyopewa, ambayo Mama anaitumia kuzuia mlango wa stoo.

Kitu kimoja tu kilitutatiza. Kinyambo chako kilikuwa kibovu cha kuchekesha, lakini mara kwa mara kilitoka ndani yake neno la kale ambalo Mjomba mwenyewe alilazimika kuliulizia. Tulikuuliza umelitoa wapi. Ulisema umeliokota. Tulikuamini, kwa sababu uliokota vingi: misumari, mbegu, paka.

Sasa turudi kwa fundi viatu.

Ulikuwa na dada, jina lake Margit. Ulitusimulia habari zake mara moja tu, siku ya Krismasi, nikiwa na miaka kumi na mbili. Mligombana, ukaondoka, naye akasema usirudi. Ulimwandikia kila Krismasi na hakujibu hata mara moja. Uliposema hivyo ulicheka, ukatoka kwenda kukagua migomba ambayo ulikuwa umeikagua asubuhi ileile.

Kitabu chako cha saba kilikuwa cha fundi viatu aliyefukuzwa na dada yake, akazunguka nchi za watu kwa miaka arobaini akishona viatu vya wengine, kisha uzeeni akarudi kijijini kwake. Hatukuwa wajinga, Baba. Tulijua fundi ni nani. Ndiyo maana tulimenya ndizi polepole mwaka ule, na hakuna aliyepiga miayo.

Alhamisi jioni ulimfikisha langoni. Lango la mbao, limefungwa kwa komeo la ndani, na dada yake anasikika akitembea uani. Ukanyamaza. Mjomba akauliza kisha ikawaje. Ukasema subirini Jumamosi. Mjomba akasema kumsimamisha mzee wa watu langoni siku mbili ni dhambi. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ijumaa asubuhi ulikwenda na kigoda chako ukutani kama kawaida. Ukaja mezani. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani na Mama alikuwa akiigeuza, akikuona kila alipoinua kichwa. Saa saba alipokuja kukuita, ulikuwa umelaza kichwa juu ya mkono, kalamu imefunikwa vizuri. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukuumia. Kwenye ukurasa kulikuwa na sentensi moja: Fundi akafika langoni.

Dada Zsófia alitupa pole kwa moyo mwema sana. Akasema wao wanazo sura zote isipokuwa ya mwisho. Wangesubiri mpaka kumbukumbu ya mwaka. Tukipata chochote, hata karatasi ya kufungia vitumbua yenye mistari miwili, tutume. Tukikosa, wangechapa kitabu kikiwa kimekatika pale, na maelezo madogo kwamba mwandishi alifariki.

Kwangu mimi mwalimu wa fasihi, kitabu kilichokatika kilikuwa na uzuri wake. Nilimwambia Mama hivyo. Ndipo nilipomwona analia kilio ambacho hakulia hata makaburini. Mama hakulilia kitabu. Alisema, "Baba yenu amekufa akiwa nje. Mnataka watu wote wamsome akiwa nje?"

Tukatafuta. Kaka Mutalemwa alichukua likizo kazini kwake Bukoba akapekua masanduku, madaftari ya zamani, mifuko ya makoti, na kompyuta ambayo uliitumia kuwekea kikombe. Mimi nilisoma Kihungaria chako chote, kwa kile Kihungaria changu cha jikoni ulichonifundisha nikiwa mdogo, kamusi pembeni. Tuliuliza jirani kwa jirani kama kuna uliyemdokezea. Tulimwuliza padri. Tulimwuliza Cassian, ambaye alikiri kwamba aliwahi kukubembeleza kwa sufuria nzima ya senene na hukusema kitu.

Hatukumwuliza Bibi Evaresta. Nani angemwuliza? Hamkuwahi kutazamana.

Mwezi uliopita, siku zikiwa zimekwisha, tulikaa uani Jumapili mchana tuamue. Nilikuwa nimeandika miisho mitatu ili tuchague mmoja. Tukagombana vizuri sana, ungefurahi. Mutalemwa alitaka dada mtu afungue lango mbio na bata mzinga achinjwe. Mama alitaka fundi asibishe hodi kabisa, apande ua aingie, kwa sababu ni kwao. Mjomba Privatus alitaka fundi aende kwanza baraza la kata akalete hati. Mimi nilikuwa na mwisho wangu ambamo fundi anagusa lango, anageuka, anaondoka kwenye ukungu. Nilipomaliza kuusoma, Mama akasema elimu yangu ina baridi.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ua.

"Mnamsumbua bure mtoto wa watu," alisema Bibi. "Hakubisha hodi, na hakuondoka."

Tulivuka ua sote kwa pamoja. Bibi alikuwa amekaa kitandani kwake, ameegemea ukuta wa nyuma, miwani usoni, maharage kwenye ungo. Alikuwa amekasirika. Akatuuliza kama kweli hatukuwa na sura hiyo. Mwaka mzima alidhani tumeisoma kwenye madaftari, na kwamba tunawazungusha waombolezaji ili wasubiri kitabu. Alitusifu moyoni kwa kutunza siri.

Mama alimwuliza yeye ameijua vipi. Bibi akainamia ungo wake akachambua maharage kadhaa ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Ndipo akasema kwamba yule wa Deodatha, kama alivyokuita siku zote ili asikutaje jina, alimsimulia. Kila asubuhi. Kwa miaka ishirini na saba. Wewe mgongo ukutani kwa nje, yeye mgongo ukutani kwa ndani, na Kinyambo chako alikuwa akikirekebisha neno kwa neno kupitia ufa uleule uliomfanya asishukuru kwa miwani.

Baba. Sisi tulikuwa tunawaambia wageni kwamba unaandika kwa mdomo.

Mama hakujua acheke au aone aibu kwa niaba yenu. Akauliza mbona Bibi hakusema. Bibi akajibu kwamba mwanamke wa umri wake angesema anazungumza na mkwe wake kila siku ya Mungu, watu wangesema amezeeka vibaya. Na kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, maana hamkuonana hata mara moja. Mjomba Privatus, mkali wa desturi, alifikiri kwa muda mrefu akakubali kwamba kweli, hakuna iliyovunjwa.

Basi akatusimulia. Ukutani kwanza, karatasi baadaye, jikoni mwisho: ule ndio ulikuwa utaratibu wako, na kumbe Bibi alikuwa mbele yetu siku zote. Ijumaa ile asubuhi yeye alikuwa amekwisha kupata mwisho wote, na sasa aliutoa bila kukosea, kama anayetoa salamu alizotumwa.

Fundi hakubisha hodi. Alichoka kusimama, akakaa chini, akaliegemea lango la mbao kwa mgongo, akaanza kuzungumza. Hakuomba radhi. Alieleza habari za viatu: nani alikuwa na mguu mpana, nani alizikwa na viatu vipya, nani alimpa ndizi badala ya malipo. Uani nyayo zikasimama. Kisha akahisi mbao zinasukumwa kidogo mgongoni mwake, na akajua kwamba dada yake naye amekaa, ameegemea upande wa pili. Wakazungumza hivyo mpaka kivuli kikahama. Halafu chini ya lango kikapita kiatu cha kike, soli imebanduka.

"Shona hiki kwanza," dada akasema.

Fundi akatoa sindano na uzi, akashona, akakirudisha palepale kilipopita. Akasikiliza. Dada akakivaa, akatembea hatua mbili, tatu, akarudi. Na komeo likasikika.

Hapo ndipo uliponyamaza, Bibi alisema. Alikuuliza kama fundi aliingia. Wewe ukamwuliza yeye anaonaje. Naye akakuambia kwamba mtu hapotezi nguvu zake kuvuta komeo kwa ajili ya kumfukuza aliye nje tayari. Ulicheka, akakusikia ukiokota kigoda, ukamuaga, ukaenda mezani.

Mama aliketi pale kitandani kando ya mama yake. Hakulia. Aliuliza mara mbili kuhusu komeo, kama ana hakika lilisikika. Bibi akasema lilisikika.

Niliiandika sura hiyo kwa Kihungaria changu cha jikoni kwa siku tisa. Bibi alisimamia, ingawa hajui hata neno moja; kila nilipomweleza nilichoandika alikuwa anajua kama nimeongeza chumvi. Dada Zsófia alinyoosha sarufi tu. Akatupigia simu, akasema sauti ni yako. Nilimwambia ni kweli, imepitia ukutani tu.

Kitabu kitatoka mwezi wa tisa, kizima. Na kuna jambo jingine, tunakuambia kama lilivyo bila kuliongeza. Dada yako Margit yu hai, ana miaka themanini na mmoja. Dada Zsófia alisafiri mpaka kwake akamsomea sura ya mwisho. Zsófia alipotaka kuondoka na karatasi zake, mama yule aliweka mkono juu ya karatasi hizo, akaomba aachiwe.

Misa ya kumbukumbu itasomwa Jumamosi hii saa nne asubuhi katika kigango chetu cha Kanoni. Kwaya imeahidi kuacha nafasi nyuma ya mstari wa nyuma. Baada ya hapo wote mnakaribishwa nyumbani kwa chakula. Tutamenya ndizi pamoja, na sura ya mwisho itasimuliwa kwa Kiswahili, Jumamosi, kama ulivyoahidi. Umechelewa mwaka mmoja tu.

Unakumbukwa na mke wako Deodatha, ambaye bado hapendi mtu mwingine ageuze kahawa yako. Mwanao Mutalemwa, aliyehamishia kompyuta yako Bukoba na kuiwekea kikombe. Binti yako Kemirembe, mwandishi wa maneno haya, ambaye amepunguza baridi. Shemeji yako Privatus, anayesindikiza wageni mpaka kijiji cha pili. Jirani yako Cassian. Na paka wote.

Unakumbukwa pia na mama mkwe wako, Evaresta. Jana alipita uani kwetu kwa mara ya kwanza tangu ujenge nyumba hii, akakuta kigoda chako palepale kwenye kivuli cha ukuta, akakikalia upande wako. Nilimsomea tangazo hili lote. Akasema ni refu, lakini liende. Kisha akaniambia niandike na la kwake mwishoni, na kwamba nisibadilishe kitu, na akalitaja jina lako, ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Gerigori," alisema, "karibu ndani."

Daima tutakukumbuka, Baba, na lango liko wazi.